Sahani Tano za Kasilda: Supu ya Kijani

Kuanzia Gitega hadi Muyinga hakuna anayejua hadithi hii kuliko mimi, na nikisema jambo limekuwa, limekuwa. Wiki iliyopita niliwaapia kwamba Mzee Venansi, aliposimama mlangoni mwa jiko la Kasilda na kopo lake la maziwa, hakusikia harufu ya kitu chochote.

Alisikia. Pua ya mzee yule ingeweza kutafuta ng'ombe aliyepotea. Basi, nilikosea, tuendelee.

"Mwanangu," akasema, "mu hii sufuria iko nini?"

Kasilda akaweka mkono juu ya mfuniko. Mfuniko ulikuwa wa moto. Hakuutoa mkono.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nawaambia haraka haraka. Ndani ya sufuria mlikuwa na njegere. Njegere mbichi za Ryansoro, zimemenywa, zimepondwa, zimechujwa, zimetiwa siagi, na sasa zilikuwa zinangoja kitu kimoja tu: maziwa yale yaliyokuwa mkononi mwa Mzee Venansi.

Na Mzee Venansi alikuwa na sheria moja tu juu ya maziwa yake. Siku mtu anapokunywa maziwa ya ng'ombe wake, njegere isipite kooni mwake. Wazee wa mlima ule wote wanajua: maziwa na njegere vikikutana tumboni mwa mtu siku moja, anayeugua si yule mtu, ni ng'ombe. Kiwele kinavimba, halafu kinakauka. Kasilda aliambiwa hayo siku ya kwanza, akasema nimekubali, baba, huku anamtazama machoni. Kukubali hakukumpa tabu. Yeye alikulia ukimbizini Mishamo, Tanzania, na huko kwao hawakuwahi kuwa na ng'ombe wa kumwonea huruma.

Sasa mtasema, maziwa tu, kwani kitu gani? Ngojeni.

Amani ilipokuja na Kasilda akarudi na godoro lake na kuku wake wawili juu ya lori, alimkuta Venansi analima mlima wa baba yake Kasilda. Wengine kwa jambo kama hilo walitoana macho. Hawa wawili waliongea. Waliongea mpaka wakachoka, wakagawana: upande wa juu wa Venansi, upande wa barabara wa Kasilda, katikati ua wa minyaa. Kwenye upande wake Kasilda akajenga gesti, vyumba vinne na ukumbi wa kulia, mahali ambapo wasafiri wa kwenda Makebuko wanaweza kulala na kula chakula cha Kifaransa cha sahani tano, moja ikitoka nyingine inaingia.

Lakini ua ule ulikuwa bado ni ua wa mdomo. Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, ndipo Venansi alitakiwa kusimama penye minyaa mbele ya wazee wa mlima na kusema: huu ua ubaki. Na sababu yake alikwisha kuitangaza kila penye pombe. Mtu ninayempa maziwa, alisema, sigombani naye ua.

Ndiyo hivyo. Juu ya mafiga hapakuwa na supu. Palikuwa na nyumba nzima ya Kasilda, na paa lake.

"Lengalenga, baba," akasema Kasilda. "Supu ya lengalenga."

Venansi akanusa tena. Lengalenga ni mchicha, na mchicha haunuki hivyo.

Hapo ungetegemea mpishi anyamaze. Lakini mpishi alikuwa Ignace, mtu wa Uvira, ambaye alipoomba kazi alisema amewapikia mapadri, maaskofu, na balozi mmoja ambaye nchi yake ilikuwa inabadilika kila akisimulia. Ignace alikuwa na ugonjwa wa kujibu maswali asiyoulizwa.

"Oui, mzee," akasema. "Ni lengalenga ya kizungu. Mi niliipikaka kwa bapadri ya Bukavu, banalamba mpaka sahani."

"Lengalenga ya kizungu," akarudia Venansi, taratibu, kama mtu anayeonja.

"Iko na vitamini," akaongeza Ignace.

Kasilda alitamani kumpiga kwa upawa. Badala yake akacheka kidogo, kile kicheko cha mwanamke anayeungua kiganja, akamshukuru mzee kwa maziwa, akamuuliza hali ya ng'ombe, hali ya mgongo, hali ya mvua. Venansi akajibu kwamba wote watatu wanaendelea vizuri. Akamimina maziwa kwenye chungu, akainua ndoo yake ya maganda iliyokuwa nyuma ya mlango, kama kila jioni, maana ndivyo walivyozoeana: maziwa yanakuja, maganda ya jikoni yanakwenda, ng'ombe anakula, Kasilda anapika. Ignace alikuwa ameifunika ndoo kwa jani la mgomba, eti usafi, kwa sababu ya wageni.

"Mpikie wageni vizuri," akasema mzee. Akaenda zake.

Kasilda akatoa mkono. Katikati ya kiganja palikuwa na alama nyekundu ya duara, kama mhuri.

"Umeona, Mama Patronne," akasema Ignace. "Mi najua kuongea na wazee."

Kasilda akamwambia aende kuchemsha maziwa kabla hajachemshwa yeye.

Na ukumbini mambo yalikuwa yameharibika tayari.

Mgeni mkubwa alikuwa Madame Espérance. Mzaliwa wa Muyinga, ameishi Lyon miaka mingi, amerudi na miwani ya kamba na neno lake la "bon" kila anapoanza kusema. Yeye ndiye aliyeagiza njegere. Kasilda alimsihi kwenye simu achague supu ya karoti. Akasema non. Akasihi tena, maboga. Non. Alitaka ile supu laini ya njegere aliyokuwa anakula Lyon siku alizoikumbuka Muyinga, na mwisho alitaka karameli ya maziwa, na kama ataridhika atakuwa analeta wageni kila Jumamosi. Kasilda, ambaye tangu Pasaka hakuwa na mgeni zaidi ya dereva mmoja wa lori aliyeomba maharage, angefanya nini?

Basi Madame alikuja, amemleta kaka yake Longino, mfugaji wa huko huko Muyinga, na wageni wengine wawili waliokula na kunyamaza, Mungu awabariki, kwa hiyo sitawasumbua tena.

Longino ndiye aliyekuwa msiba. Mkate uliowekwa mezani wa kusindikizia sahani zote tano aliumaliza kabla ya supu. Supu ilipofika akaitazama, akamtazama Kasilda, akaisogeza pembeni kwa heshima na kuanza kungoja. Kasilda akauliza kama kuna tatizo. Longino akasema hakuna tatizo kabisa, anangojea ugali wake, maana mchuzi umeshakuja.

"Sio mchuzi, kaka," akasema Madame Espérance. "Bon, unakunywa hivi hivi."

"Bila kitu?"

"Bila kitu."

Longino akainywa kama dawa ya minyoo, halafu akakubali kwamba ni tamu. Lakini Kasilda aliponyoosha mkono kuchukua sahani, Longino akaishika kwa mikono miwili. Akauliza sahani imekosa nini. Kasilda akamweleza: hii inaondoka, inakuja nyingine ya samaki, nayo inaondoka, inakuja ya sungura, halafu ya majani, halafu ya kitu kitamu. Longino akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kwao Muyinga chakula cha mtu kikiwa tayari kinaletwa chote, mtu anakiona, anajua Mungu amempangia nini. Hiki cha kuletewa kidogo kidogo ni kama mshahara wa serikali.

Kasilda akapeleka samaki, akarudi jikoni akaegemea ukuta. Alikuwa amechoka mpaka kwenye meno. Tangu alfajiri alikuwa anapambana na siagi, na moshi, na Ignace, na chakula ambacho hata yeye mwenyewe, tuseme kweli, hakukipenda. Alijifunza sahani hizi kwa masista huko Tanzania alikokuwa anafua nguo zao, na kila usiku baada ya kuosha vyombo vya Kifaransa alikuwa anarudi nyumbani kula mihogo na kumshukuru Mungu. Uma zenyewe hazikutosha. Uma za samaki zilipaswa kuoshwa mbio ili ziwe uma za sungura, na sasa moja haikuonekana.

"Iko mu mkono wa koti ya ule mzee wa Muyinga," akasema Ignace. "Anaogopa mutamunyanganya."

Ndipo Kasilda akakaa juu ya gunia la viazi na kutaka kulia. Hakulia. Alisikia sauti nje, kwenye baraza, sauti ya mtu anayekung'uta miguu.

"Mwiriwe, bene urugo," ikasema ile sauti. Habari za jioni, wenye nyumba.

Venansi alikuwa amerudi.

Na hakurudi na gumboti. Alikuwa amevaa koti lake la misa, amechana nywele kwa maji, na mkononi ana ile fimbo anayoishika siku ya kuamua mashauri ya watu. Alimwambia Kasilda kwamba amefikiri akiwa njiani, akaona si adabu jirani kuwa na wageni wa mbali na yeye asiwasalimu, hasa leo, na kesho yake wao wawili wana shughuli pale penye ua. Kasilda akasema wageni wanakula. Venansi akasema vizuri, basi atawakuta wote wamekaa.

Utamzuiaje mzee mlangoni, na nusu ya mlima imo mfukoni mwake?

Akaingia, akasalimia kila mmoja kwa mkono, akaulizana na Longino habari za wazazi na kilima anachotoka, na wakagundua, kama wafugaji wanavyogundua siku zote, kwamba ng'ombe wao wana ukoo. Akapewa kiti. Kasilda akasimama nyuma ya Madame Espérance, jasho linamtoka.

Sahani za supu zilikuwa zimeondolewa, asante Mungu. Lakini Longino alikuwa anafungua mdomo, na Longino alikuwa mtu wa kusimulia alichokula. Kasilda alichukua kipande cha mukeke, yule samaki wa ziwani, kilichobaki kwenye sinia, kikubwa, chenye miba mingi, akamwekea kwenye sahani. Kisha akamwekea na cha Madame. Mtu mwenye mukeke mdomoni haongei, anachambua.

"Chakula kizuri," akasema Venansi, ambaye hakugusa kitu, maana mzee wa heshima kama yeye hali nje ya nyumba yake. "Mi niko sijui hivi vyakula. Mwanangu, nielezee. Mulianza na nini?"

"Supu, baba."

"Ile ya kijani."

"Ile."

"Ya nini ilikuwa? Nimesahau."

"Lengalenga."

Madame Espérance akainua kichwa. "Lengalenga? Mais, Mama Kasilda, uliniambia..."

Akaishia hapo. Kasilda alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hayahitaji kutafsiriwa kwa Kifaransa. Madame akamtazama yeye, akamtazama mzee na fimbo yake, na kile chungu cha maziwa kinachoonekana kupitia mlango wa jiko. Na hapo, wasomaji wangu, miaka yote ya Lyon ikamwanguka mwanamke yule kama kitenge kilichofungwa vibaya. Alimkumbuka bibi yake wa Muyinga. Alimkumbuka anamnyang'anya kikombe cha maziwa, mtoto wa miaka sita, kwa sababu ya njegere tano alizoziokota jikoni. Akaweka uma chini, polepole.

"Bon," akasema. "Lengalenga, ndiyo. Nimechanganya."

Longino, samaki tele mdomoni, akageuka kumshangaa dada yake. "Mbona mi..."

Chini ya meza kiatu cha Lyon kilimpata kwenye muundi. Longino akarudi kwenye miba.

Kasilda alianza kupumua. Alifikiri, limepita. Ameokolewa na mgeni aliyemletea balaa lenyewe. Akaanza kumweleza mzee habari za sungura, jinsi alivyolazwa kwenye mvinyo, sauti yake ikawa hata na furaha. Venansi alisikiliza yote, anatikisa kichwa, mikono juu ya fimbo.

"Mwanangu," akasema habari za sungura zilipokwisha. "Mi ni mtu wa maziwa. Nisamehe nikiuliza mara ya mwisho, ili kesho nisimame mbele ya watu na moyo mweupe. Leo mu hii nyumba, njegere haikuingia?"

"Haikuingia, baba."

"Sema na wageni wasikie."

"Haikuingia njegere."

"Kwa haki ya nani?"

Kuna maneno mtu anayajua kwamba hayasemwi, na yanamtoka kwa sababu amesimama tangu alfajiri, kiganja kinauma, uma imepotea, na yuko karibu sana na mwisho. Kasilda akainua mkono wa kulia.

"Kwa haki ya mama yangu aliyelala Mishamo," akasema.

Hata Longino aliacha kutafuna.

Venansi hakubadilika uso. Alilaza fimbo kwenye magoti, akatia mkono kwenye mfuko wa koti la misa, akawa anatafuta kitu humo ndani, hana haraka, kama anayetafuta tumbaku. Akakitoa, akakiweka juu ya sahani safi iliyokuwa inamngojea sungura.

Lilikuwa ganda la njegere.

Akaweka la pili. Akaweka la tatu, na hilo la tatu lilikuwa limemenywa kwa haraka, maana kwenye ncha ilibaki njegere moja, ndogo, ya kijani, inang'aa kama ushanga.

"Nilifika kwa ng'ombe," akasema, "nikatoa lile jani la mgomba ili nimwage. Ndoo nzima. Ng'ombe akaniangalia, nami nikamwangalia."

Madame Espérance akafunika mdomo. Mlangoni Ignace alikuwa amesimama na karameli ya maziwa ya asubuhi, ameileta kabla ya sungura na kabla ya majani, inatikisika kwenye sinia, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuwa na padri hata mmoja wa kumtaja.

Venansi akaisogeza ile sahani mpaka mbele ya Kasilda. Hakupandisha sauti.

"Mi nimelima huu mlima tangu nywele zangu ziko nyeusi," akasema. "Mimea yake yote naijua. Niambie tu, mwanangu, hii lengalenga yako yenye kuzaa maganda umeitoa wapi, nami nitafute mbegu yake. Kesho niipande pale penye ua."

Kasilda alifungua mdomo. Mkono wake wa kiapo ulikuwa bado juu, na katikati ya kiganja, mbele ya wote, ile alama nyekundu ya mfuniko.